DAFTARI NA CHUPA JUU YA MEZA MOJA? SISI TUNASEMA HAPANA

Ndugu Wanachama, na nyinyi nyote mnaokula kwa jasho lenu,

Juma lililopita tangazo lilibandikwa ukutani kwa chifu. Wengi wetu tulilipita tukidhani ni habari ya ng'ombe aliyepotea. Si ng'ombe. Ni mwenye duka la njia panda, duka lile lililo karibu na kambi yetu, ambaye ameomba leseni ya kuuza pombe. Anataka kuuza bia na pombe kali za chupa, watu wanunue hapo wakanywee nyumbani. Halmashauri ya leseni ya kaunti itakaa kuyasikiliza maombi yake, na kila mkaaji wa hapa mwenye neno anaruhusiwa kulipeleka kwa maandishi. Sisi tunalo neno. Tulilizungumza katika mkutano wa tawi Jumapili kutwa, tukapingana, tukasikilizana, na sasa tunaliandika ili mtu asije akasema kesho kwamba Chama kilinyamaza.

Neno letu ni hili: leseni hiyo, kwa namna ilivyoombwa, isitolewe.

Kabla ya kutoa sababu, yatupasa kwanza kuuondoa uwongo mmoja unaotembea kambini. Yasemekana kwamba Chama kimegeuka kanisa, na kwamba viongozi wanataka kumkataza mtu mzima asinywe bia yake baada ya kazi. Hayo si kweli. Chama hiki kina Wakristo, kina Waislamu, kina watu ambao hawajaonja pombe tangu kuzaliwa, na kina watu ambao Jumamosi jioni ukiwatafuta nyumbani huwapati. Wote wanalipa ada sawa na wote wana kura sawa. Mtu aliyechuma majani tangu alfajiri, mgongo umempinda na vidole vimempasuka, sisi hatuendi mlangoni kwake kumwuliza anakunywa nini. Hilo ni lake mwenyewe. Na bia yenyewe wanaoitengeneza ni wafanya kazi wenzetu, wanaoipakia katika malori ni wenzetu, na wanaoipeleka mezani hotelini ni wenzetu.

Kwa hivyo hatubishani juu ya kunywa. Tunabishana juu ya mahali, na juu ya nani anayeuza, na juu ya kitu gani kingine anachokishika mkononi wakati anapouza.

DUKA HILI NI DUKA GANI

Asiyekaa hapa aelezwe. Kutoka kambini hadi mjini ni nauli ya kwenda na ya kurudi, na mwendo wa nusu siku wakati wa mvua. Duka la karibu ni hilo moja tu. Hapo tunanunua unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, kalamu za watoto na dawa ya kichwa. Hapo ndipo mtoto anapotumwa jioni na sarafu mkononi, akaambiwa akimbie arudi kabla giza halijaingia.

La pili, duka hilo hukopesha. Mwenye duka analo daftari lake, na majina yetu yamo humo. Hatuoni haya kusema hivyo. Mshahara hautoshi mwezi, na kuanzia tarehe kumi na tano nyumba nyingi za kambi hii zinakula kutoka katika daftari. Tena tuseme haki: mwaka majani yalipochomwa na baridi, kilo zikapungua na malipo yakapungua pamoja nazo, mwenye duka huyo alivumilia. Hakumfukuza mtu aliyekuja kuomba unga. Tunalikumbuka hilo na tunamshukuru. Hatumwandiki hapa kama adui.

La tatu, na hili ndilo watu wengi hawakuliangalia, duka hilo ndilo wakala wa fedha za simu. Zamani karani wa malipo alikuja na sanduku, akakaa mezani, ukaitwa jina, ukapewa bahasha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2007, mambo yamebadilika kidogo kidogo, na siku hizi mshahara wetu huingia simuni. Lakini simu hailiwi. Fedha lazima zitolewe, na anayezitoa ni yule yule mwenye duka. Siku ya mshahara kuna mstari mrefu mbele ya dirisha lake. Anajua mshahara wako umeingia kabla mke wako hajajua. Kabla hajakupa noti, anafungua daftari, anakata deni lake, halafu anakuhesabia kilichobaki.

Basi angalieni, ndugu zetu. Juu ya meza ile moja tayari kuna vitu vitatu: chakula chetu, deni letu, na mshahara wetu. Sasa anataka kuongeza kitu cha nne, nacho ni chupa, na anataka kukipanga katika rafu iliyo nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo macho ya mtu aliye katika mstari wa mshahara hayawezi kuepuka kutazama.

HESABU NDOGO

Tutoe mfano. Hesabu hii ni ya mfano tu, wala si ya mtu fulani, lakini kila mmoja anaweza kuipima kwa nyumba yake.

Chukua mfanya kazi anayepokea shilingi 12,000 mkononi kwa mwezi. Amekopa unga, sukari na mafuta ya shilingi 5,000. Siku ya mshahara anakatwa 5,000, anakwenda nyumbani na 7,000. Humo mna karo, mna nauli, mna cha kumpelekea mama mzazi. Ni kidogo, lakini ni chake.

Sasa weka chupa dukani. Jumamosi amechoka, hana senti, lakini jina lake limo katika daftari. Anasema, niandikie. Anaandikiwa chupa ndogo ya shilingi 400. Jumamosi ya pili vile vile, na ya tatu, na ya nne. Siku mbili nyingine marafiki wamekuja, naye hawezi kuwaacha koo kavu, basi anaandikiwa tena. Hizo ni chupa sita, shilingi 2,400. Mwisho wa mwezi anakatwa 7,400, anakwenda nyumbani na 4,600. Mwezi unaofuata hatangoja tarehe kumi na tano kuanza kukopa unga. Ataanza tarehe tano. Na mwezi wa tatu ataanza kabla mshahara haujapoa.

Mtu mwenye fedha taslimu mfukoni akinywa, mfuko wenyewe humwonya. Akitia mkono akakuta patupu, ananyanyuka anakwenda kulala. Mtu anayekunywa kwa daftari hana mfuko wa kumwonya. Anakunywa mshahara ambao hajaufanyia kazi bado. Wahenga walisema, kukopa harusi kulipa matanga.

Na kuna jambo baya zaidi. Katika mkutano wetu mama mmoja, mchumaji wa miaka mingi, alisimama akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyelijibu. Aliuliza: daftari likisema shilingi 7,400, mimi niliyebaki nyumbani nitajuaje kwamba 5,000 ni za unga na 2,400 ni za chupa? Mwenye duka huandika jumla tu. Mume ataniambia unga umepanda bei, nami nitapunguza sahani ya watoto. Ndugu zetu, hapo ndipo ulipo ubaya wenyewe. Deni la chakula na deni la pombe yakiandikwa ukurasa mmoja, deni la pombe litajificha nyuma ya unga, na watakaolilipa ni watoto ambao hawakuonja hata tone.

SHERIA ILIJUA

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya Chama tu. Hapana. Wenye kutunga sheria walikwisha kuyaona zamani.

Uingereza, katika mwaka 1883, ilipigwa marufuku kuwalipa wafanya kazi mishahara yao ndani ya nyumba za pombe, kwa sababu ilionekana kwamba mtu aliyelipwa kilabuni aliiacha fedha yake kilabuni. Mwaka 1949 Shirika la Kazi la Ulimwengu, ILO, lilipitisha Mapatano Na. 95 ya kuulinda mshahara, nayo yanakataza mshahara kulipwa katika mabaa na mahali pa namna hiyo, na hata katika maduka ikiwa lazima ili kuzuia watu wasidhulumiwe, isipokuwa kwa wale walioajiriwa hapo hapo. Na sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 17, inasema mshahara usilipwe mahali panapouzwa vileo, ila kwa wale wanaofanya kazi mahali hapo. Kifungu hicho hicho kinamkataza mwajiri kumlazimisha mfanya kazi atumie mshahara wake mahali fulani.

Kwa nini mataifa yalihangaika na jambo hili kwa muda huo wote? Kwa sababu mshahara na chupa vikikutana mahali pamoja, katika saa moja, mtu akiwa amechoka, mara nyingi mshahara ndio unaoshindwa.

Sasa kampuni itasema: sisi tunalipa kwa simu, hatulipi dukani, sheria hatukuivunja. Ni kweli, barua ya sheria hawakuivunja. Lakini mfanya kazi anaishika fedha yake kwa mara ya kwanza wapi? Anaishika mbele ya dirisha la duka. Ikiwa dirisha hilo litakuwa dirisha la pombe, basi jambo ambalo sheria ililifungia mlango litakuwa limepita dirishani. Simu haikuwa katika mawazo ya wale walioandika mapatano ya 1949. Lakini mfanya kazi waliyemwandikia ni yule yule, na njaa yake ni ile ile.

HAYA SI MAGENI KWETU

Vijana wengi wa Chama hawakuona siku za ukoloni, basi wasikie. Katika miaka ya 1920 Baraza la mji wa Nairobi lilijipa ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya Waafrika huko Pumwani. Mama aliyepika pombe nyumbani kwake ili alishe watoto alikamatwa. Pombe hiyo hiyo ikiuzwa na Baraza ilikuwa halali. Faida yake iliwekwa katika mfuko wa kazi za mitaa ya Waafrika. Yaani mtu alilipwa mshahara mdogo, akaunywa katika kilabu cha Baraza, na Baraza likamjengea kitu kidogo kwa fedha yake mwenyewe, kisha likamwambia ashukuru.

Wazee wetu waliuona ujanja huo. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwezi wa Januari mwaka 1947, walitaka mshahara wa mtu mwenye nyumba na watoto. Waliijua tofauti kati ya mfanya kazi anayelipwa na mfanya kazi anayerudishiwa. Shilingi inayotoka mkono wa kulia wa wakubwa na kurudi mkono wao wa kushoto kabla jua halijatua, hiyo haikuwa mshahara. Tunawaambia leo: shilingi inayotoka katika simu, ikapita daftarini, ikaishia katika rafu ya chupa, yote mezani pa mtu mmoja, nayo haikufika nyumbani. Wakoloni wamekwenda, lakini mzunguko huo unaweza kujengwa na mtu yeyote, hata jirani yetu mwema, hata bila yeye kukusudia.

JUU YA ILE KARATASI YA SAHIHI

Tumesikia kwamba mwenye duka anazungusha karatasi ya kuomba watu watie sahihi kwamba wanaitaka leseni. Tumesikia pia kwamba majina ni mengi. Hatushangai. Nani atakataa kutia sahihi mbele ya mtu anayelishika daftari lake? Mtu anakuja kuomba kilo mbili za unga, mtoto anamngoja nyumbani, naye anawekewa karatasi na kalamu. Hatusemi kwamba mwenye duka amemtisha mtu. Hana haja ya kutisha. Deni linatisha lenyewe bila kufungua mdomo.

Kwa hivyo tunaiambia Halmashauri ya leseni: msiyahesabu majina tu, ulizeni pia ni wangapi kati ya hao wenye majina wanadaiwa na mwombaji. Na tunawaambia wanachama waliotia sahihi: hatuwalaumu na hatutawataja. Lakini sahihi ya kwanza haiwazuii kuandika barua ya pili kwa moyo wenu huru.

WANAOSEMA NDIYO

Katika mkutano wetu wapo ndugu waliosimama wakatetea leseni. Ni wanachama wazuri na sababu zao zinastahili kujibiwa.

Wa kwanza alisema: afadhali chupa yenye muhuri dukani kuliko chang'aa ya kichakani. Alitukumbusha mwezi wa Novemba mwaka 2000, pombe yenye sumu ilipoua watu zaidi ya 100 katika vijiji vya Mukuru, Nairobi, na kuwapofusha wengine. Alitukumbusha pia Kirinyaga, mwezi wa Februari mwaka 2024, ambako watu zaidi ya 10 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo. Sababu hii ina uzito, wala hatuifanyii mzaha. Tena twajua kwamba kukataza tupu hakutoshi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikaendelea kunywewa kwa miaka 30 mpaka sheria mpya ya 2010 ilipokuja.

Lakini tuulizane: yule anayekunywa chang'aa anaikunywa kwa sababu gani? Kwa sababu ni rahisi. Chupa yenye muhuri ina kodi ndani yake, na haiwezi kuwa rahisi kama kikombe cha kichakani. Ataweza kuinunua kwa njia moja tu, nayo ni deni. Na siku deni litakapojaa na mwenye duka akafunga daftari, atarudi kichakani kule kule, sasa akiwa na kiu iliyozoea na mfuko mtupu. Tiba ya sumu ni wakuu kuwakamata wauza sumu, si kuwapa watu deni jipya.

Wa pili alisema: mwenye duka ni mtoto wa hapa, mabaa ya mjini ni ya matajiri wa mbali, kwa nini tumzuie wetu asipande? Tunajibu: na apande. Auze mbegu, auze mabati, afungue hoteli ya chai na mandazi, nasi tutakuwa wateja wake wa kwanza. Lakini mtu wa kwetu asipande kwa ngazi iliyosimamishwa juu ya mabega yetu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ya karibu ikikupiga inauma kweli.

Wa tatu alisema: mtu mzima ana akili yake, Chama si mama yake. Kweli. Ndiyo maana hatusemi mtu asinywe. Mwenye kutaka bia ana baa mjini, na huko hunywa kwa fedha yake taslimu mbele ya mtu asiyejua deni la nyumba yake. Uhuru wa mtu mzima ni huo. Kuandikiwa chupa na yule yule anayeweza kukunyima unga kesho, huo si uhuru.

Wa nne alisema: kaunti itapata fedha za leseni. Naam, itapata. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti kazi ya leseni za pombe. Lakini kaunti hiyo hiyo ndiyo yenye zahanati ambayo mwanamke aliyepigwa usiku atapelekwa asubuhi. Faida na hasara ziandikwe katika daftari moja, kama mwenye duka anavyofanya.

NA WATOTO JE?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la sheria ya Mututho, inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Inataka mahali pa pombe pawe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Hata duka kubwa la mjini halipewi leseni mpya ikiwa watoto wanaweza kuingia mahali pombe inapouzwa. Tena inaitaka Halmashauri ijiulize kama leseni ni kwa faida ya watu wa mahali hapo, na kama maduka ya pombe yaliyopo hayatoshi.

Sasa njooni mtazame duka letu. Lina mlango mmoja na dirisha moja. Mteja mkubwa wa jioni ni mtoto wa miaka minane aliyetumwa chumvi. Atasimama wapi huyo mtoto? Atapita mlango gani? Ikiwa duka la mjini lenye vyumba na walinzi linaambiwa litenge pombe, duka la mabati la chumba kimoja litawezaje kusema kwamba limetenga? Umbali wa kutoka dukani hadi shule ya watoto wadogo na upimwe kwa kamba, siyo kwa macho ya rafiki wa mwombaji. Hilo tu tunalitaka: kamba, na watu wa pande zote mbili waishike.

TUNATAKA NINI

Chama kisichojua kinachotaka ni kelele tu. Sisi tunajua. Tumekubaliana mambo haya, na tutayapeleka kwa Halmashauri kwa maandishi:

1. Leseni kwa duka hili, likiwa kama lilivyo leo, ikataliwe.

2. Mwombaji akija siku nyingine na nyumba mbali, yenye mlango wake, isiyouza unga wala kalamu za watoto, isiyotoa fedha za simu, Chama hakitampinga kwa sababu ya chuki. Tutamsikiliza kama mfanya biashara mwingine.

3. Hata hapo, pombe iuzwe kwa fedha taslimu peke yake. Chupa isiandikwe katika daftari hata siku moja. Kitambulisho cha mtu kisishikwe kuwa rehani, maana hicho si mali ya duka.

4. Kampuni ilete wakala mwingine wa fedha, au karani wake mwenyewe, siku ya mshahara, ndani ya kambi na wakati wa kazi, ili mtu aishike fedha yake yote kwanza, ndipo aende kulipa deni kwa mguu wake na kwa mkono wake.

5. Tawi lianze kuchanga kwa duka la ushirika la unga, sukari na sabuni. Tumelizungumza miaka mingi. Daftari la mwenye duka lina nguvu kwa sababu hatuna lingine.

NA SISI WENYEWE

Haitakuwa haki kumnyoshea kidole mwenye duka tukasahau vitatu vinavyotutazama. Mikutano mingine ya Chama imefanyiwa baa, na mambo ya wanachama yameamuliwa juu ya meza yenye chupa ambazo hatukuuliza nani amezilipa. Mwenye kulipia bia ya kiongozi hamlipii kwa mapenzi. Tangu leo, mkutano wa tawi hili utafanyika shuleni au chini ya mti, na kiongozi atakayeitisha baa asifuatwe.

Tena tukumbuke mzizi wa yote. Mtu haingii katika daftari kwa kupenda. Anaingia kwa sababu mshahara unakwisha kabla ya mwezi. Siku mshahara utakapofika tarehe thelathini, daftari litakufa lenyewe, na chupa dukani haitakuwa na mtu wa kuikamata shingoni. Kwa hivyo kupigania mshahara na kupinga leseni hii ni vita moja. Asije mtu akatuambia tuache moja tushike nyingine.

YA KUFANYA SASA

Kila mwanachama anayekubaliana nasi aandike barua yake mwenyewe kwa Halmashauri ya leseni. Usinakili maneno yetu. Andika yako: unakaa wapi, umekaa miaka mingapi, una watoto wangapi wanaotumwa dukani, mshahara wako unautolea wapi. Asiyejua kuandika aje kwa katibu wa tawi jioni yoyote, amwambie kwa mdomo, aandikiwe na asomewe kabla ya kuweka alama ya kidole. Akina mama msingoje waume zenu waandike. Nyinyi mna haki ya kuandika kama wao, tena mna mengi zaidi ya kusema. Barua zipelekwe mapema, kabla ya siku ya kusikilizwa, maana barua iliyochelewa ni kama mvua iliyokuja baada ya mahindi kukauka.

Siku hiyo tutakwenda pamoja, mchana, kwa utulivu. Hakuna kurusha jiwe wala kumtukana mwenye duka. Kesho yake tutarudi kununua chumvi kwake, naye atatuuzia, na hivyo ndivyo majirani wanavyobishana. Tutamwambia mbele ya Halmashauri maneno haya haya tunayoyaandika hapa, ili asiseme tulimsengenya.

Ndugu mwenye duka, twajua jarida hili litakufikia, maana watu wengi hulisomea barazani pako. Tunakuambia kwa heshima: ulitulisha mwaka wa baridi. Usitunyweshe mwaka wa deni.

UMOJA NI NGUVU.

Halmashauri ya Tawi